Nilimjibu mkunga "hapana", na sasa silali

Shangazi,

Ninaandika usiku, watoto wamelala, na hakuna mtu anayejua kwamba nimekuandikia. Nina miaka 29, naishi Busia upande wa Uganda, nauza mukene, hawa dagaa, sokoni. Mume wangu ni utingo wa malori yanayokwenda Juba. Akiondoka hukaa wiki tatu, saa nyingine mwezi. Tuna watoto watatu na sasa nina mimba ya nne, ya miezi saba.

Mama mkwe wangu ni mkunga wa jadi. Anakaa kijijini, kama kilomita tisa kutoka mjini, na watu wengi wa kule wamepita mikononi mwake, hata mume wangu, ambaye alimzaa mwenyewe akiwa peke yake nyumbani. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka kumi na moja. Nilipoolewa sikujua hata kumkunja mtoto kwenye leso. Huyu mama ndiye aliyenifundisha. Namwita Mama, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Mtoto wa kwanza nilimzalia kwake. Nilipiga magoti nikashika nguzo ya kitanda, yeye akinikanda mgongo na kuniimbia taratibu. Mtoto alipotoka nilipewa uji wa wimbi wa moto, na kondo la nyuma akalizika chini ya mgomba nyuma ya nyumba. Nilijiona mtu.

Wa pili, mhudumu wa afya wa kijiji, hawa tunaowaita VHT, alipita nyumbani akasema siku hizi hairuhusiwi kuzalia nyumbani. Mume wangu akakubali. Tulipanda boda usiku, mimi na Mama, tukafika kituo cha serikali kama saa sita. Nesi akauliza glavu ziko wapi, pamba iko wapi, karatasi ya plastiki iko wapi. Tulikuwa na jozi moja ya glavu na wembe. Mama kit, ile mifuko ya vifaa vya kujifungulia, zilikuwa zimeisha. Akamuuliza Mama, "Wewe ni nani wake?" Mwanamke mmoja pale akamjibia kwamba huyu ni mkunga wa kijijini. Nesi akasema mbele ya wodi nzima, "Nyinyi ndio mnaotuletea maiti." Akamfukuza. Mama ana zaidi ya miaka sitini, Shangazi. Alikaa nje chini kwenye baridi mpaka asubuhi.

Mimi nililazwa chali. Nilipolia aliniambia, "Wakati wa kuitafuta hiyo mimba ulilia hivi?" Akanipiga paja. Baada ya mtoto kutoka nilipewa tambara nipanguse damu yangu mwenyewe sakafuni. Mtoto alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Lakini nilirudi nyumbani nikasema sitakanyaga tena pale.

Kwa hiyo wa tatu nilimzalia kwa Mama. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mtoto alitoka vizuri lakini kondo lilikataa kutoka. Damu ikaanza. Leso ya kwanza ikalowa, ya pili, ya tatu. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara ilikuwa matope matupu, boda wa jirani akasema hawezi. Mama alinikanda tumbo kwa nguvu zake zote na kuninywesha dawa ya miti. Nakumbuka nikisikia sauti yake inaenda mbali, halafu sikumbuki kitu. Nilipozinduka kulikuwa kunapambazuka na kondo lilikuwa limetoka. Miezi miwili sikuweza kubeba jerikani. Mama aliniambia, "Hili ni letu sisi wawili." Mume wangu anajua tu kwamba nilijifungua kwa shida.

Sasa mimba hii. Nilikwenda kliniki peke yangu kwa sababu mume alikuwa safarini. Wakaniambia nije naye, au kama sina mume nilete barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji. Mimi mwenye mume nikaenda kupiga foleni kwa mwenyekiti kuomba barua kama mtu aliyetelekezwa. Niliporudi nilimkuta mkunga msichana, mpole sana. Akaniuliza maswali huku anaandika kwenye kadi. Akafika hapa: "Umewahi kutoka damu nyingi baada ya kujifungua?" Nikasema hapana.

Akaandika, akaendelea na swali lingine.

Ningesema ndiyo, angeuliza nilizalia wapi na nani alinizalisha. Watu wanasema serikali ilishapiga marufuku wakunga wa jadi. Nimchongee mtu aliyenilea? Halafu siku hiyohiyo, nikitoka, nilimwona yule nesi wa zamani. Bado yuko wodi ileile. Hakunitambua. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Mama ameshaandaa chumba. Amefua leso, amenunua mkeka mpya. Wifi yangu anasema mwanamke wa nyumba hii akienda kuzalia hospitali ni kusema wazi kwamba Mama ni muuaji. Mume wangu kwenye simu anasema, "Mama anajua kazi yake, lakini mwili ni wako, amua." Nimeweka shilingi 85,000 kwenye kopo ambalo hakuna anayelijua.

Shangazi, nikienda kituoni nimemkana Mama, na nitarudi kwenye mikono ya yule nesi. Nikibaki, na damu ikaja tena? Na ule uongo ulio kwenye kadi nitaufanyaje?

Mama wa watatu, Busia

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, na nilipofika pale uliposema "hapana" nikaisimamisha. Naona hapo ndipo panapokuchoma, labda kuliko hata hofu ya kufa.

Ngoja nirudie ulichoniambia, unisahihishe nikikosea. Ulizaa mara moja ukiwa umeshikwa kwa upendo, na mambo yakaenda sawa. Ukazaa mara moja kituoni, mtoto akawa mzima, lakini wewe na Mama mkadhalilishwa. Ukazaa mara ya tatu katika upendo uleule wa kwanza, ukakaribia kufa. Sasa umebeba mtoto wa nne na siri moja, na kila anayekuzunguka anakuuliza kama unamwamini Mama au humwamini. Mume amekuachia uamuzi kama mtu anayekutupia mzigo juu ya kichwa akiwa kwenye lori linaloondoka. Nimekuelewa?

Basi tuanze na kadi. Ulisema hapana ili kumlinda mtu. Sikuiti mwongo. Lakini hebu tazama mkunga alikuuliza nini. Hakuuliza nani mwenye kosa. Alitaka kujua kama mwili wako umewahi kumwaga damu, kwa sababu mwanamke aliyewahi kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutokwa tena, na kondo lililowahi kukwama huweza kukwama tena. Jibu hilo ndilo litakalomfanya apime damu yako mapema, akuhimize vidonge vya kuongeza damu, na akuelekeze mahali pa kujifungulia. Kwa kadi ilivyo sasa, anakuona mama wa uzazi wa nne asiye na tatizo.

Kadi hiyo huandikwa kila unapohudhuria. Ukirudi unaweza kumwambia, "Dada, siku ile kuna jambo niliogopa kusema." Wakunga husikia maneno hayo mara nyingi kuliko unavyodhani. Mweleze kondo lilichelewa, leso tatu zililowa, ulizimia, na miezi miwili hukuweza kubeba maji. Akikuuliza ulizalia wapi, "nyumbani" ni jibu kamili.

Kuhusu marufuku sitakuficha. Ni kweli, mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba wakunga wa jadi wasizalishe tena, na yako maeneo ambako viongozi wa mtaa waliweka faini kwa wanaozalia nyumbani. Tangazo hilo lilifanya kitu ambacho nadhani waliolitoa hawakukikusudia: liliwafanya wanawake kama wewe wafiche historia zao kwa mtu yuleyule anayepaswa kuzijua. Hata hivyo, miaka yote hii akina mama kama mkweo wameendelea kuwepo, kijiji kizima kinawajua, VHT anawajua, na nina hakika hata wakunga wa kituo chenu wanawajua. Wewe unadhani jina la Mama liko hatarini kwa sababu ya kadi yako? Pima mwenyewe, wewe ndiye unayekijua kijiji. Ila naomba upime jambo hilo peke yake, usilichanganye na hofu nyingine zote.

Sasa damu yenyewe. Umeniandikia usiku ule kana kwamba kulikuwa na mtu aliyeshindwa, na wifi yako ameshatoa hata neno la kuua. Mimi sioni hivyo. Kutokwa damu baada ya kujifungua kunaweza kumpata mwanamke yeyote, kwa mkunga yeyote, hata mikononi mwa daktari bingwa. Ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya akina mama duniani, na chaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili. Mama alikukanda tumbo, na kulikanda ni sehemu ya yale yanayofanywa hata hospitali. Huenda mikono yake ndiyo iliyokubakisha hai.

Lakini mikono ilikuwa yote aliyokuwa nayo. Kituoni, mara mtoto anapotoka, ndani ya dakika moja mama huchomwa sindano ya oksitosini inayofanya mfuko wa uzazi ujikaze. Dawa hiyo inataka ubaridi wa friji, kwa hiyo hata Mama angeipata asingeweza kuiweka kwenye kikapu chake mwaka mzima. Kondo likikwama, yuko mtu aliyefunzwa kulitoa kwa mkono akiwa na glavu na dawa. Ukizidi kudhoofika unawekewa maji ya mshipani, na penye damu unaongezewa damu. Sasa weka saa mbili hizo kando ya kilomita tisa, mvua, matope, na boda anayesema hawezi.

Na hiyo dawa ya miti, mwanangu. Sijui ni mti gani na simdharau anayeujua. Ila ziko dawa za miti zinazosukuma uchungu kwa nguvu kupita kiasi, na mfuko wa uzazi wa mwanamke aliyekwisha zaa mara kadhaa waweza kupasuka. Ukinywa chochote, popote utakapojifungulia, mkunga aambiwe.

Najua unaposoma haya unajiambia, "Shangazi naye ameanza kunisukumia kwa yule nesi." Hapana. Naomba tukae kidogo kwenye usiku ule wa kituoni, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema wanawake wanaozalia nyumbani ni wajinga.

Wanawake wa nchi hii wameitikia wito. Mwaka 2011 utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta watoto 57 katika kila 100 wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Mwaka 2016 ikawa 73, na mwaka 2022 ikafika 91. Vifo vya akina mama vilivyokadiriwa kuwa 438 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2011 vilishuka hadi 189 mwaka 2022. Wewe mwenyewe umo kwenye hesabu hiyo, mtoto wako wa pili yumo. Ila hakuna mahali kwenye hesabu hiyo palipoandikwa kwamba ulipanguswa utu wako pamoja na ile damu ya sakafuni.

Ada za matibabu kwenye vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001. Wewe ulikuta glavu, pamba, plastiki na boda ya usiku vyote vikikungoja mlangoni. Kule Kamuli na Pallisa, waendesha boda walipolipwa kwa vocha ili wawabebe akina mama, wodi zilijaa. Wanawake walewale, mila zilezile, wakwe walewale. Kumbe kwa wengi usafiri ulikuwa sehemu kubwa ya kikwazo. Ndiyo maana mtu akiniambia shida ni elimu, namuuliza kwanza nauli ni shilingi ngapi na nesi wa zamu ni nani.

Ulichotendewa kina jina, nalo ni unyanyasaji. Kumpiga mama anayejifungua si nidhamu ya wodi, ingawa wako wauguzi watakaokuambia ndivyo wanavyookoa watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi za kutosha ni kuvunja haki ya afya na haki ya uhai, na kwamba kuwaacha akina mama katika hali hiyo ni kuwatendea isivyo ubinadamu. Najua hukumu ya Kampala haimfikii nesi wa saa sita usiku. Nakuambia ili usije ukadhani ulikosa uvumilivu. Na kule nyuma ya choo, mwanangu, si udhaifu uliokutapisha. Mwili una kumbukumbu zake.

Kwa hiyo swali lako la kituoni mimi naligawa. Hofu yako ni ya vituo vyote, au ni ya mtu mmoja katika wodi moja? Ukiniambia ni vyote, nitaheshimu. Ila hata ndani ya kituo hichohicho umeniambia yuko yule msichana mpole mwenye kalamu. Unaweza kumuuliza zamu zake zinakwendaje, na kumwambia, bila kutaja jina ukiogopa, kwamba uliwahi kuumizwa pale. Inchaji, yaani mkuu wa kituo, naye hupokea malalamiko, na kituo kina kamati ya usimamizi yenye watu wa mtaani. Wengine wamelalamika wakasikilizwa. Wengine walilalamika, wakarudi kujifungua wakakuta wamenuniwa. Pima kama una nguvu ya vita hiyo ukiwa na tumbo la miezi saba. Unaweza pia kulalamika baadaye, mtoto akishakuwa mgongoni.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawawaambii akina mama. "Hospitali" si mahali pamoja. Kituo cha daraja la tatu, cha ngazi ya tarafa, kina mkunga, kitanda na sindano, lakini hakina chumba cha upasuaji, na kwa kawaida hakina damu ya kuongeza. Daraja la nne linatakiwa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, na juu yake kuna hospitali. Kwa mwanamke aliyewahi kuzimia kwa damu, mkunga akijua ukweli huenda akakuelekeza moja kwa moja daraja la nne au hospitali. Hapo ule uongo wa kadi unaanza kuwa na uzito wa ajabu: ukweli uleule unaouogopa unaweza kukuondoa kwenye wodi ya yule nesi.

Si kwamba huko juu kumenyooka. Ni mbali zaidi, foleni ni ndefu, na damu haipo kila siku hata mahali inapotakiwa kuwepo. Inabidi uulize mapema, wewe au mumeo: usiku daktari anakuwepo? Damu mnayo? Kama una ndugu mjini karibu na hospitali, ungeweza kukaa kwake wiki mbili za mwisho ili uchungu usikukute kijijini kwenye matope. Hilo nalo lina gharama yake. Nani ataangalia watoto watatu, na nani atauza mukene? Hizo shilingi 85,000 zitapungua haraka. Glavu, pamba, sabuni, plastiki na wembe mpya vinunue kidogo kidogo kuanzia sasa, usitegemee mama kit. Na boda wawe wawili, namba zao zimeandikwa, nauli imeshakubaliwa kabla ya mvua.

Na ukiamua kubaki kwa Mama? Sitakuacha nje ya barua hii kwa sababu hiyo. Ila nakuambia waziwazi kwamba kwa historia yako nitakuwa na hofu. Ukibaki, basi hata pale kuwe na gari au boda inayolala uani, siyo ya jirani anayeamua akiamshwa, na damu ikianza msingoje leso ya pili. Muda wote kabla ya hapo, popote utakapozalia, lalia chandarua na kunywa vidonge vya kuzuia malaria wanavyotoa kliniki. Kwetu Busia malaria ni nyingi, nayo hula damu ambayo utaihitaji siku hiyo. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, damu ikitoka kabla ya uchungu, au mtoto akinyamaza tumboni, hapo nenda siku hiyohiyo bila kungoja mume apige simu.

Sasa Mama. Nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu nahisi barua yako kwa kweli inamhusu yeye.

Unasema ukienda kituoni umemkana. Hiyo ni sentensi ya wifi. Sijaona mahali popote kwenye barua yako Mama mwenyewe aliposema hivyo. Aliyosema ni "hili ni letu sisi wawili". Umeyasikia maneno hayo kama amri ya kunyamaza. Mimi nikiwa mwanamke wa umri wake nayasikia vingine. Nasikia mwanamke aliyemkanda tumbo mtoto wake wa kulea usiku kucha akidhani anamzika. Wewe ulizimia, hukuona. Yeye aliona yote, macho makavu, mpaka kukapambazuka. Unadhani amesahau? Inawezekana kabisa mkeka ule mpya ameununua huku anatetemeka, kwa sababu hajui namna ya kusema "usizalie kwangu" bila kuonekana amezeeka. Inawezekana pia nimekosea, na ukimgusia atakasirika na nyumba itachafuka. Mumeo hayupo wa kutuliza. Hiyo ni hatari ya kweli na utaibeba wewe.

Lakini fikiria pia nafasi nyingine kwake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama anayejifungua awe na mtu wake anayemtaka pembeni, na achague mkao anaoupenda, magoti yakiwemo. Wodi zetu nyingi ni ndogo na bado wanakatalia watu mlangoni. Hata hivyo unajua hospitali za kwetu, mgonjwa bila mtu wa kumpikia na kumfulia atateseka. Mtu huyo atakuwepo tu. Akienda Mama, ameshika uji wake wa wimbi, hataitwa mkunga. Ataitwa mama yako. Muulize yule msichana wa kliniki kama ataruhusiwa kuingia ndani, na kama mtaruhusiwa kwenda na kondo nyumbani likazikwe chini ya mgomba. Vituo vingine hukubali ukiomba mapema, vingine hulitupa kwenye shimo lao kabla hujafungua mdomo.

Mumeo naye. "Mwili ni wako, amua" ni maneno mazuri, ila ameyasema bila kujua kilichotokea. Anaamua kukuachia uamuzi akiwa gizani. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako na Mama, kwa kuwa siri ni yenu wawili. Ningependa tu Mama ajue kwanza kabla mwanawe hajajua.

Kabla ya tarehe yako ya kliniki, kama utapata jioni moja watoto wakiwa wanacheza nje na wifi hayupo, usianze na hospitali wala kadi. Keti naye mchague mukene au mmenye maharagwe, chochote cha kushughulisha mikono, halafu umuulize: "Mama, usiku ule wa damu, wewe ulikuwa unawaza nini?"

Kisha umwache aseme. Utakachosikia kitakuambia mengi kuliko ninavyoweza mimi nikiwa huku. Ukipenda, niandikie alivyojibu.

Shangazi yako